Kunguru Asipate Mafua

Klovevik, Jumapili, tarehe 9 Machi

Kwa Babu yangu Torgny,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, pamoja na za Baba, za Mama, na za paka, ambaye bado analala juu ya koti lako la kazi na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Natumaini nyonga mpya imeanza kukuzoea, na kwamba yule muuguzi wa mazoezi anayekuita "kijana wangu" hajakuchoka bado. Mama anauliza kama supu ya hapo imepata chumvi. Sisi huku ni wazima. Theluji imebaki kwenye vivuli tu, na kule machimboni wameanza tena kufungua kazi asubuhi bila kuyeyusha mabomba kwanza.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihitaji kuazima miwani ya jirani. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unanisikia nusu, na habari hii nusu yake ni mbaya kuliko nzima. Tena mimi nikishika simu maneno hunikimbia, unanijua. Mzee Evert, mwenzako wa karata, anakuja kukutembelea Alhamisi kwa basi la asubuhi. Ana jambo la kukueleza, na ameapa kwamba atakuwa wa kwanza. Kwa hiyo nakuomba Babu, isome barua hii mpaka mwisho kabla hajavua koti.

Unakumbuka kwamba mwaka huu wa mwisho shuleni kila mmoja wetu lazima afanye kazi yake ya utafiti. Wenzangu walichagua mambo wanayoweza kuyaongelea mbele ya watu. Mimi nilichagua mawe, kwa sababu nilidhani hayatanilazimisha kuongea na mtu. Nilikosea, kama utakavyoona.

Mwezi wa kwanza, wiki ile ulipolazwa, alikuja karakana ya mawe kwa Baba mwanamke mmoja anayeitwa Daktari Tyra Lindeskog, mwanafizikia wa chuo kikuu huko Göteborg. Ni mrefu, huvaa kofia ya sufu hata ndani ya nyumba, na akinywa kahawa huisahau mpaka ipoe. Alikuwa anatafuta maada ya giza. Najua utauliza ni mnyama gani huyo, kwa hiyo nakueleza kama alivyonieleza mimi.

Nyota zinazunguka katika makundi yake kwa kasi ambayo ingepaswa kuzitawanya zamani sana. Kuna kitu kizito kinachozishika zisitawanyike, tena ni kingi kuliko vyote tunavyoviona, lakini hakitoi mwanga na hakuna aliyewahi kukigusa. Ndicho wanachokiita maada ya giza. Wengi wanadhani ni chembe ngeni kabisa ambayo hatujawahi kukutana nayo. Daktari Tyra na wenzake wachache wanajiuliza kama kweli ni ngeni. Ndani ya atomu, ndani kabisa ya kiini chake, mna chembe ndogo ziitwazo kwaki. Wewe umejengwa kwazo, mimi pia, na jiwe pia. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto, huenda baadhi ya kwaki zilibanwa pamoja zikawa madonge mazito kupita kiasi, na madonge hayo yakabaki yanazurura gizani hadi leo. Donge moja dogo kama punje ya vumbi la msumeno wetu lingekuwa na uzito wa malori kadhaa yaliyojaa mawe. Hatuyaoni kwa kuwa ni madogo na ni machache, basi. Hayana uchawi wowote.

Nililipenda wazo hilo siku ileile. Wengine wanatafuta kitu kipya, yeye anasema huenda ni vitu vilevile, vimebanwa tu vizuri. Lakini hakuna ushahidi bado. Sentensi hiyo Daktari Tyra huirudia kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayejipapasa mfukoni kuona kama funguo zipo.

Sasa sikiliza inavyotuhusu. Donge kama hilo likikutana na mwamba halisimami. Linapita kama sindano ya moto ndani ya mshumaa, linayeyusha njia nyembamba iliyonyooka, kisha linatokea upande wa pili na kwenda zake. Jiwe lililoyeyuka linapoa upesi, halipati nafasi ya kukuza chembe kubwa zinazong'aa kama za itale, hili jiwe gumu tunalolichonga. Linabaki kama kijiti cheusi, laini, katikati ya jiwe la rangi nyingine. Ukikata bamba kuvuka kijiti hicho, utaona doa juu na doa jingine chini, yanayofanana. Itale ya pwani yetu imelala hapa miaka milioni mia tisa ikingoja kupigwa. Hakuna mtu aliyeunda chombo cha kupimia chenye subira hiyo.

Daktari Tyra alikuwa ameshakagua meza za jikoni kwenye maduka mengi na hakupata doa hata moja, mpaka akaanza kushuku huo usafi wenyewe. Ndipo akaja kwa wachonga mawe. Baba alimpeleka nyuma ya karakana, kwenye rundo la mabamba yaliyokataliwa, akamwambia, "Kunguru wetu wote wanalala hapa." Ikabidi amweleze kwamba kwetu doa lolote jeusi kwenye jiwe linaitwa kunguru, na kwamba hakuna mteja anayelipia kunguru, si kwenye meza, si kwenye kaburi. Daktari Tyra alilitazama rundo lile kama watoto wanavyotazama dirisha la duka la peremende.

Basi hiyo ikawa kazi yangu ya shule. Kila Jumamosi nilikuwa naye pale nyuma. Baba alitugeuzia mabamba kwa kreni, mimi nikaosha, yeye akatazama kwa lenzi. Kunguru wote walikuwa wa kawaida. Walikuwa na chembe kubwa, kingo zao zilififia taratibu, na ukigeuza bamba upande wa pili hukuti kitu. Kila tulipokosa yeye alifurahi karibu sawa na ambavyo angefurahi kupata. Alisema kila bamba lisilo na kitu nalo ni jibu, kwa sababu linatuambia madonge hayo, kama yapo, hayapiti mara kwa mara. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu mzima anayesema "hakuna" kwa uso wa furaha namna ile.

Jumamosi moja mvua ya barafu ilitufukuza tukaingia jikoni kwetu. Mama akachemsha kahawa, akatoa mikate ya mdalasini. Mgeni akaweka kikombe chake pale pale wanapoweka wote, kando ya kunguru wa meza ya Bibi, ile ya jiwe iliyobeba sinki. Na Mama, kama kawaida yake, akamsimulia kisa chako neno kwa neno. Kwamba zamani jiwe hili lilipokuwa bado supu, kunguru mmoja mvivu alitua kupumzika, supu ikaganda, naye akabaki humo na jicho moja wazi. Na kwamba wewe uliliona bamba hilo kati ya yote ya mwaka ule ukasema hili ni la Sigrid wangu.

Daktari Tyra hakucheka. Alichukua lenzi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Doa ni la duara. Ni jeusi na laini kama kioo cha giza, halina chembe kubwa hata moja ila kile kipunje cheupe cha jicho. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kama na upande wa chini pana kitu. Mama akasema hajui. Baba akasema hajui. Meza hiyo ilifungwa ukutani kabla Mama hajazaliwa, na ya nini mtu achungulie chini ya meza.

Nikatumwa mimi, kwa sababu ni mwembamba. Nilitoa sufuria, ndoo na chupa za sabuni, nikalala chali ndani ya kabati la sinki nikiwa na tochi. Babu, alikuwepo. Kunguru wa chini, duara lilelile, chini hasa ya mwenzake. Nilisema, "Yupo," nikainuka haraka, nikagonga kichwa kwenye bomba. Kovu linaonekana bado.

Baada ya hapo Klovevik haikukalika. Mwandishi wa gazeti la wilaya alipiga simu. Shuleni, Melker, yule mtoto wa mwokaji mikate, alianza kuniita Kunguru, na akiniona koridoni anapunga mikono kama mabawa na kuuliza, "Vipi, Kunguru, ukipewa nishani utatutambua sisi?" Ajabu ni kwamba sikukasirika. Katika miaka yote niliyosoma naye, ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. Kule karakana Mzee Evert aliingia na gongo lake, akatangaza kwamba sasa Torgny hatashikika. "Maisha yake yote anatuimbia kwamba hajawahi kuharibu jiwe," akasema, "sasa na mbingu nayo imekuja kumchagua yeye. Nani ataishi naye? Nyonga ikipona mimi nahama." Vijana wa karakana walicheka, lakini niliona walivyosimama wima kidogo. Wanalijua jina lako kuliko unavyodhani. Mgeni akianza kazi, Baba humwambia tu, fanya kama Torgny.

Daktari Tyra alitaka kukata. Alisema bila kuona ndani hawezi kusema lolote, na kwamba mara nyingi doa huwa ni doa. Mama aliweka mikono kiunoni. "Mkitaka kuikata meza ya mama yangu," akamwambia, "anzeni na mimi, mimi ni laini zaidi." Daktari Tyra akaomba radhi, akasema basi, haikatwi. Katika taarifa yake akaandika kwamba kati ya mabamba yote yaliyokaguliwa, moja lina doa ambalo halijaelezeka. Sentensi moja tu. Lakini Baba aliisoma sentensi hiyo mara mbili akatoka nje kutazama bahari, na mimi najua Baba hutoka nje kwa sababu gani. Wakakubaliana usiambiwe lolote mpaka siku yako ya kuzaliwa. Wangekuletea gazeti likiwa limefungwa utepe.

Halafu chama cha kijiji kikaandaa mkutano kwenye Nyumba ya Watu, ukumbi wetu wa kijiji, Jumamosi ya tarehe 1, ili Daktari Tyra aeleze kazi yake. Naye akasema mimi ndiye niliyelala chini ya sinki, kwa hiyo sehemu hiyo niieleze mimi. Nilikataa kwa kichwa. Akadhani nimekubali.

Ijumaa mchana, siku moja kabla, nilirudi chini ya meza kupiga picha safi ya kuonyesha watu. Palikuwa na vumbi na utando wa buibui, kwa hiyo nikapafuta kwa kitambaa kibichi, nikangoja pakauke. Na nilipokuwa nangoja nikafanya ulichonifundisha nikiwa mdogo, ulipokuwa ukinikalisha juu ya bamba na kumwaga maji. Uliniambia jiwe kavu linadanganya, jiwe bichi linanyamaza, lakini jiwe linalokauka linasema. Ukitaka kujua pana ufa wapi, tazama maji yanapochelewa kuondoka.

Maji yaliondoka, Babu. Yaliondoka kila mahali, isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba kuliko unywele, uliomzunguka kunguru pande zote. Duara kamili. Likabaki bichi muda, kisha nalo likafifia mbele ya macho yangu.

Nililowesha tena. Likarudi.

Ndipo nikachukua futi ya Mama ya kushonea. Nikapima toka ukingo wa kulia wa meza mpaka katikati ya kunguru. Nikapima toka ukingo wa kushoto mpaka katikati ya tundu la bomba. Ni sawa. Toka mbele ni sawa. Nilibaki nimelala pale chali, miguu yangu nje ya kabati, na ghafla nikakumbuka kwamba nilikuwa naitazama meza kwa chini, na kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwa mtu aliyesimama. Hapo nikaelewa kila kitu.

Bamba lilikuwa limelala kifudifudi siku ile ulipolitoboa, si ndiyo? Ulipima vizuri, kwa sababu huwezi kupima vibaya. Ulipima kama limelala chali. Ukatoboa tundu la bomba, ukaligeuza, na bomba likawa upande usio wake.

Nilikuwazia ulivyosimama pale. Ulikuwa mdogo kuliko Baba alivyo sasa, nyumba haina hata mapazia, na Bibi anaingoja meza yake. Sijui ulikitafuta wapi kijiti kile cha jiwe jeusi, nadhani ni la Småland, lile wanalochongea makaburi ya matajiri. Ukakisugua mpaka kikaingia tundu lililokosewa bila kubakiza nafasi ya unywele, ukakifunga kwa gundi, ukakisawazisha juu na chini ambako hakuna atakayeona. Ukatoboa tundu jingine mahali pake. Kisha ukaenda ukamwambia mkeo kwamba kunguru alitua kwenye supu.

Sasa nikuambie nilichofikiri, maana nataka unijue. Nilifikiri ninyamaze. Ni mimi peke yangu niliyeona, na maji yalikuwa yameshakauka. Kunguru wako angebaki gazetini. Vijana wa karakana wangeendelea kusimama wima. Usingekuwa na haja ya kumtazama Mzee Evert usoni mezani mnapocheza karata, naye akijua. Niliwaza kwamba umezeeka, na kwamba jina ndilo ulilobaki nalo karakana. Na niliwaza aibu yangu mimi pia, ya kusimama mbele ya watu wote kusema kwamba kile nilichokigundua hakipo.

Lakini Daktari Tyra aliwahi kunieleza kwamba sentensi yake ile itasomwa na watu ambao hatawaona maishani, na hakuna hata mmoja wao atakayeweza kuja kulala chini ya sinki letu. Wataamini kwa sababu yeye ameandika, na yeye ameandika kwa sababu mimi nilisema, "Yupo." Usiku huo nilikula viazi viwili tu. Mama akashtuka, akanipima joto.

Jumamosi nilijaribu kumwambia Daktari Tyra pembeni kabla watu hawajaingia, lakini alikuwa juu ya ngazi akifunga kitambaa cha picha, na mdomoni alikuwa na misumari. Ukumbi ulijaa. Walikuja hata wale wa ng'ambo ya ghuba. Mzee Evert alikaa mstari wa mbele akiwa amevaa tai. Daktari Tyra alieleza nyota, akaeleza kwaki, watu wakasikiliza kwa adabu huku wakingoja kahawa. Kisha akanitaja jina.

Nilikuwa na karatasi. Niliiweka mezani, kwa sababu ilikuwa ya mtu aliyegundua kitu. Nikasema jina langu ni Ylva, mjukuu wa Torgny, na kwamba doa la meza yetu limeshaelezeka. Nikasema babu yangu alipima jiwe likiwa limelala kifudifudi.

Hilo tu, Babu. Sikuhitaji kueleza zaidi, maana nusu ya ukumbi ni wachonga mawe. Niliona sentensi ile inavyopita kwenye nyuso zao mstari baada ya mstari, kila mmoja akiligeuza bamba kichwani mwake. Mtu wa nyuma kabisa alisema polepole, "Ee, masikini." Hakucheka mtu. Nilieleza mstari uliokauka mwisho, nikaeleza futi ya Mama, nikaketi. Melker, aliyekuwa kando ya mlango, hakupunga mabawa. Aliinua kidole gumba chini ya kiti, ili mwenzake asione.

Daktari Tyra alivua kofia yake. Nilidhani amekasirika. Aliniuliza mbele ya wote nililowesha jiwe mara ngapi na kama mstari ulirudi kila mara, kama anavyomuuliza mtu wa kazi yake. Nikajibu. Kisha akawaambia watu kwamba amefanya utafiti huu kwa miaka, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona mtu akimfuta kunguru wake mwenyewe. Alisema doa limeondoka, lakini meza imebaki, na jiwe lote lililomzunguka kunguru litahesabiwa. Miaka milioni mia tisa meza yetu imekuwa ikingoja, haikupitiwa na kitu, na sasa hilo linajulikana. Katika taarifa yake sentensi ile imefutwa, na mahali pake pameandikwa kwamba doa lilikuwa kazi ya mkono, na kwamba limetambuliwa na Ylva wa Klovevik. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo ungamo langu ni hilo. Siri yako nimeitoa mimi, hadharani, bila kukuomba ruhusa. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie Mama. Yeye alijua palepale ukumbini pamoja na wengine, akiwa ameshika sahani ya mikate.

Lakini usiikunje barua hapa. Yamebaki mawili, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza ni la Mzee Evert. Jana alikuja nyumbani asubuhi, hakubisha hodi. Akamwomba Mama ruhusa, akavua kofia, akalala chali ndani ya kabati la sinki, mzee wa umri ule, akiwa na lenzi ya Daktari Tyra na kikombe cha maji. Alikaa humo muda mrefu mpaka Mama akaingiwa na wasiwasi akamuuliza kama yu hai. Akajibu, "Nyamaza, linakauka." Tulipomvuta miguu atoke, nywele zake zilijaa vumbi. Akaketi, akamtazama kunguru, akasema amenywa kahawa kwenye meza hiyo tangu ana meno yake yote. Kisha akasema: "Siku zote nilimwambia hakuna mtu asiyeharibu jiwe, akabisha. Sasa nimeshinda. Lakini sikujua mtu anaweza kuharibu vizuri namna hii." Ndiyo habari anayokuletea Alhamisi. Atajifanya anakuja kukucheka. Ukweli ni kwamba anataka umfundishe ulivyokisugua kile kijiti, na Baba anataka uwafundishe vijana wote ukirudi, kwa kukaa kwenye kiti tu, bila kuinua kitu. Mmoja wao ameshauliza kama ni kweli kwamba hata lenzi haikuona. Nikamjibu ni kweli, na sikuionea haya sauti yangu.

La pili ni la Bibi.

Jana jioni Mama alikuwa anafuta meza. Alifuta, akasimama na kitambaa mkononi, akawa anaitazama inavyokauka. Sasa ukijua pa kutazama, hata upande wa juu mstari unaonekana kidogo. Akaniuliza ni nani aliyeifuta meza hii kila siku, asubuhi na jioni, tangu siku ilipofungwa mpaka alipofariki. Akasema kulikuwa na jambo ambalo tangu utotoni alilidhania ni utani. Wageni walipobisha hodi na meza ikiwa bado mbichi, Bibi alikuwa akichukua kitambaa kikavu upesi na kumkausha kunguru kwanza, kabla ya kukausha kitu kingine chochote. Mama alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Kunguru asipate mafua." Na mgeni aliyekuwa akija mara nyingi kuliko wote, Babu, ni Mzee Evert.

Bibi alijua. Nadhani alijua tangu wiki ya kwanza. Alikusikia ukikisimulia kisa cha supu kwa kila aliyeingia, maisha yenu yote, na kila mara alikuwa ameshakukaushia mstari ule.

Mama bado anaweka kikombe chake palepale. Amesema kunguru ni wetu zaidi sasa kuliko alipokuwa wa mbinguni, na mimi naona hivyo pia. Daktari Tyra ataendelea kutafuta wake, na nimemwomba niendelee naye majira ya joto. Amekubali. Safari hii nilimwomba kwa mdomo, si kwa kichwa.

Fanya mazoezi ya nyonga. Msalimie muuguzi wako. Mzee Evert akianza kuongea, mwache amalize, kisha mwambie umeshasikia. Paka na koti vinakungoja, nasi pia.

Ni mimi mjukuu wako ninayejivunia kuitwa wako,

Ylva